Foronya Zimetakata, Mbona Takia Bado Linanuka?

Swali hili sisi waosha matakia tunaulizwa kila masika yanapoelekea mwisho. Mteja amefua foronya mwenyewe, akazianika zikakauka, akarudisha matakia barazani. Haipiti wiki, harufu ileile. Ni kwa sababu harufu haiko kwenye foronya, iko kwenye sponji.

Wateja wetu wengi wanakaa karibu na bahari hapa Dar es Salaam: Kunduchi, Mbezi Beach, Kigamboni. Upepo wa huko unabeba chumvi, na chumvi ikishaingia kwenye sponji huvuta unyevu wa hewani, hasa usiku. Ndiyo maana takia ambalo halijaguswa na tone la mvua linaweza kukulowesha ukilikalia asubuhi. Fungua zipu, penyeza mkono hadi katikati ya sponji, bonyeza. Kiganja kikitoka na ubaridi na harufu ya stoo iliyofungwa, ukungu umeshaota humo, na foronya safi utakayoivisha itatoka vidoa vyeusi vya kawa muda si mrefu.

Halafu kuna suala la maji, ambalo wengi hawalitilii maanani. Kisima chako kikiwa cha chumvi, unasuuza chumvi kwa chumvi. Utaijua kwa sabuni: inagoma kutoa povu. Kufua anza nayo ukipenda, lakini suuzo la mwisho liwe la maji ya bomba au ya mvua.

Sponji yenyewe haisokotwi, itachanika kwa ndani. Imwagie maji, ikandamize kwa viganja, rudia mpaka maji yanayotoka yawe meupe. Kisha siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, iachwe nayo kama nusu saa, usuuze tena. Kuanika ndiko kunakowashinda watu. Isimamishe kwa ubavu, kivulini penye upepo. Jua kali likiipiga mara kwa mara inageuka njano na kuanza kupukutika. Sponji ya inchi 4 usiitegemee chini ya siku 2, na masika ni zaidi. Juu ikiwa kavu haimaanishi katikati imekauka.

Jiki ibaki kwa foronya nyeupe tu. Kwenye doa la kutu la zipu ya chuma usiitumie kabisa, inalizidisha. Hapo kamulia ndimu, kisha suuza. Na jiki isikutane na siki kwenye beseni moja: inatoka gesi ya klorini, inachoma koo na mapafu.

Kunguru nao (nani asiyewajua hapa mjini?) wakishachafua, acha kinyesi kikauke kwanza, ukikwangue, ndipo upake sabuni. Ukikisugua kibichi unakizamisha kwenye nyuzi.

Wanaofunika matakia kwa nailoni usiku wanadhani wanayalinda, kumbe wanafungia unyevu ndani. Yaingizeni ndani tu.

Sisi tunayafuata matakia nyumbani na hatuyarudishi mpaka sponji ikauke hadi katikati, kwa hiyo msituite Alhamisi kwa ajili ya shughuli ya Jumamosi. Sponji inayotoa unga ukiisugua hatuioshi, ni kukulia hela bure. Hiyo tunapima, tunakata mpya, na tukiwa hapohapo tunabadilisha zipu ya chuma kuwa ya plastiki.