Nusu saa ya Lamu hadi Malindi, tuandikieni safari yenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotangaza na kuuza safari za ndege baina ya Lamu na Malindi.

Mwaka jana, wakati wa kusi, yaani upepo utokao kusini, mama yangu mzazi alitakiwa kuonwa na daktari wa macho Malindi. Kusafiri kwa basi hawezi tena kwa sababu ya mgongo: kutoka Mokowe, bara, kupitia Witu na, Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 200, na hata baada ya lami kufika, vizuizi vya askari bado viko njiani. Nikatafuta ndege. Tangazo lilisema kilomita 141, dakika 30. Nikaweka miadi saa nane mchana, nikalipa.

Hesabu ile haina kosa. Kutoka kiwanja cha ndege cha Lamu, kilichoko Manda, hadi cha Malindi kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 141, yaani maili 76 za baharini, ambazo ndizo marubani huhesabia. Ndege ndogo ya propela moja ikienda kilomita 300 kwa saa huzimaliza kwa dakika 28 hivi. Ikikutana na kusi ya kilomita 40 kwa saa, zinakuwa dakika 33 hivi. Wakati wa kaskazi, upepo huisukuma, zikapungua. Ongeza kupaa na kutua.

Lakini tiketi ilipotufikia, usiku wa kuamkia safari, ilikuwa inapitia Nairobi. Kama kilomita 470 kwenda bara, kisha 420 kurudi pwani: karibu 890, zaidi ya mara sita ya zile tulizoonyeshwa. Pesa hazirudi. Kliniki wakatuambia tujitahidi tufike kabla hawajafunga.

Tulitoka nyumbani saa mbili asubuhi. Maji yalikuwa yamekupwa na ngazi za jeti ya boti zina utelezi. Nahodha alimshika mama mkono mmoja, mimi mwingine, akashuka ngazi moja moja hadi akaketi kwenye boti, pindo la buibui limelowa. Amu, yaani kisiwa chetu cha Lamu, haina kiwanja cha ndege. Kiko ng'ambo, kisiwani Manda, wala hakuna daraja. Boti ile haikutajwa popote, wala muda wa kuwahi kabla ya kuruka. Nairobi tulikaa kwenye viti vya chuma hadi alasiri, mama amejikunyata kwa baridi, kila mara ananiuliza kama Malindi ndiyo inayofuata. Tulishuka Malindi saa kumi na moja jioni. Daktari alikwisha ondoka.

Watu wa Amu hawaendi Malindi kutembea tu. Wanakwenda kutibiwa, kuzika, kufuata biashara. Basi anayetangaza dakika 30 aseme papo hapo, kabla hajapokea pesa, kama ndege inakwenda moja kwa moja au inatua kwanza mahali pengine, na abiria aondoke kwake saa ngapi ili aiwahi, boti ikiwemo. Na siku za ndege ya moja kwa moja zitangazwe mapema, mwezi mzima, ili mgonjwa aombe miadi inayolingana nazo.

Mama ana miadi mingine baada ya wiki tatu. Safari hii sitatoa hata shilingi mpaka niambiwe kwa maandishi ndege inatua wapi.

Msomaji wako,
Langoni, Amu