Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: nani atamwogesha askari wa Kagera?

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Pokea salamu za heshima kutoka Kibosho. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili si la nyumba yetu peke yake, na kwa sababu linaowahusu hasa hawatakuandikia. Walifundishwa kuvumilia, na wamevumilia mno.

Ninawasemea askari wastaafu na mgambo waliopigana Vita ya Kagera, ambao sasa wamezeekea vihambani kwetu, yaani kwenye mashamba ya migomba ya ukoo, kuanzia Rombo hadi Siha. Habari ya pensheni inao wasemaji wake, na habari ya dawa pia. Mimi naandika kuhusu kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kugeuzwa kitandani, na kuwa na mtu wa kuongea naye mchana wakati nyumba iko tupu. Kazi hizi si za daktari wala za nesi. Sijaona fungu lake katika bajeti ya halmashauri yetu, na hata hivyo ndizo zinazoamua kama mzee atamaliza siku zake akiwa na heshima yake au atazimaliza kwenye godoro lililolowa.

Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera Oktoba 1978. Kijana aliyekuwa na miaka 22 wakati ule, leo anagonga 70. Sajenti aliyekuwa na 30 amekwishapita 75. Jeshi letu lilipanuka kwa miezi michache kutoka askari wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 150,000, na ndani yake walikuwamo mgambo wapatao 40,000 waliotoka mashambani, maofisini na viwandani. Sehemu kubwa ya njia waliipita kwa miguu, Mutukula, Masaka, Lukaya, hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, wamebeba silaha, risasi na mara nyingine wenzao. Magoti na migongo inayowatesa leo ina historia, Mheshimiwa. Na wengi wa wale mgambo, vita ilipokwisha, walirudi kwenye jembe bila pensheni yoyote, kwa kuwa hawakuwa waajiriwa wa jeshi.

Najua litakaloulizwa kwanza: watoto wao wako wapi? Wako Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma, wengine nje ya nchi. Mkoa wetu umesomesha watoto na watoto wakaenda. Wanatuma hela kwa simu, wanakuja Desemba, na wengi wao hawakumtupa mzee hata kidogo. Lakini hela iliyoingia kwenye simu haimwinui mtu kutoka kitandani saa kumi na moja alfajiri. Anayebaki naye ni mkewe, ambaye naye ana miaka sabini na kitu, au mkamwana mmoja aliyebaki kihambani, au binti wa kazi aliyeletwa kutoka mkoa mwingine akiwa na miaka kumi na sita, ambaye hakuna aliyemfundisha lolote.

Hapo kuna jambo ambalo ofisi nyingi hazilitaji, kwa hiyo acha nilitaje mimi. Kwetu, mkamwana hamvui nguo baba mkwe. Binti naye hamwogeshi baba yake. Hii ni heshima tuliyokuzwa nayo, na mzee mwenyewe ndiye anayeilinda kuliko wote. Baba yangu alikuwa askari. Miguu ilipokataa, mama alijaribu kumbeba akashindwa, akaumia mgongo. Mimi bintiye nilipoingia na beseni la maji ya moto, alijifunika blanketi akageukia ukutani, akasema hajafika huko. Akakaa hivyo, siku baada ya siku, mwili ukianza kunuka, mtu ambaye tangu tuna akili tulimwona akinyoa ndevu kila asubuhi na kupiga pasi suruali zake mwenyewe.

Aliyetuokoa ni kijana wa jirani aliyekuwa amerudi kutoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na hana kazi. Hakuwa na cheti cha uuguzi. Aliingia chumbani, akasimama wima, akasema, "Jambo, Afande. Nimetumwa kwa ajili ya usafi." Baba akamtazama muda mrefu, akamuuliza kikosi chake. Baada ya hapo aliogeshwa bila ugomvi. Kijana yule alimkata kucha, akamnyoa, akamketisha juani chini ya mparachichi na kumsikiliza akieleza mambo ya vita kule Kyaka, Kagera, ambayo sisi watoto wake hatukuwahi kuyasikia. Tulimlipa kwa kuchangishana. Si kila nyumba inaweza kuchanga, na ndiyo maana naandika.

Kuna usiku pia. Watafiti waliowapima wazee wa Wilaya ya Hai, hapa hapa mkoani kwako, walikuta asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kwa mzee aliyepitia vita, ugonjwa huo unaweza kufuta mambo ya jana ukayaacha ya mwaka 1979. Baba alikuwa akiamka usiku wa manane, anatafuta bunduki, anatuamuru tulale chini, anataka kutoka nje kwenda kwenye lindo. Nje ni giza, ni mteremko, na mfereji unapita karibu na uzio. Majirani walisema karogwa. Wengine wakashauri tumpeleke kwa mwombezi, wengine tumfungie mlango kwa nje. Sisi tulibishana naye: "Baba, vita imekwisha zamani!" Kadiri tulivyombishia ndivyo alivyozidi kuwaka. Kijana yule alimwambia tu, "Afande, zamu yako imekwisha. Nimekuja kukupokea." Baba alipiga saluti, akarudi kulala.

Hakuna dawa hospitalini inayoitwa hivyo. Ni ufundi wa kuishi na mtu, na unafundishika. Unafundishika sawasawa na namna ya kumwinua mtu kwa shuka bila kumvunja wala kujivunja. Namna ya kumgeuza asiyejiweza kila baada ya saa mbili ili asitoke vidonda vya mgongoni na kiunoni. Namna ya kumlisha mtori akiwa ameketi wima ili asipaliwe. Namna ya kumbadilisha pampasi bila kumwaibisha mbele ya wajukuu. Fundi seremala wa kijijini anaweza kutengeneza kiti chenye tundu kikawekwa juu ya choo cha shimo, na mzee ambaye magoti hayakunji tena akaacha kujizuia kula kwa kuogopa kwenda chooni. Ndiyo, wapo wanaojinyima chakula kwa sababu hiyo. Fimbo ya kushikia iliyopigiliwa ukutani inazuia anguko ambalo lingemvunja nyonga na kumleta hospitali ya Mawenzi au KCMC, na gharama ya hapo unaijua kuliko mimi.

Siandiki kana kwamba hakuna kilichofanyika. Wazee wana dirisha lao hospitalini, na sera inasema wasio na uwezo watibiwe bure. TASAF inazifikia kaya maskini. Hapa Moshi tuna Makazi ya Wazee Njoro, yanayowapokea wasio na mtu kabisa. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na hao wanapita majumbani. Lakini mhudumu wa afya ana kaya nyingi, ana chanjo, ana wajawazito, ana kifua kikuu. Hawezi kukaa saa mbili akimwogesha na kumlisha mtu mmoja. Na Njoro si jibu kwa mtu mwenye kihamba chake, mke wake na makaburi ya baba zake nyuma ya nyumba. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe inaitambua familia kuwa mahali pa kwanza pa matunzo. Ni sawa kabisa, ila familia iliyopewa mzigo huo haikupewa wa kuisaidia kuubeba.

Nchi nyingine zimelifikiria hili. Marekani, wizara inayoshughulika na askari wastaafu hulipia wasaidizi wasio wauguzi wanaokwenda nyumbani kwa mzee kumsaidia kuoga, kuvaa na kula, na wengine kumpumzisha mke au mtoto anayemtunza. Sheria yao ya mwaka 2010 ilikwenda mbali zaidi: ndugu anayemtunza askari aliyeumia akaanza kulipwa posho ya kila mwezi. Mwanzoni ilikuwa kwa walioumia baada ya Septemba 2001 tu. Oktoba 2020 wakaingizwa wa Vietnam na waliowatangulia, na Oktoba 2022 wa vipindi vyote. Hatuna fedha zao, wala sikuombi tuige kila kitu. Walichokifanya ambacho hakihitaji utajiri ni kukiri kwamba kumwogesha askari mzee ni kazi, na anayeifanya anastahili kufundishwa na kulipwa.

Kwetu tunaweza kuanza na tulivyo navyo. Kila wilaya ina Mshauri wa Mgambo, ambaye ni mwanajeshi, na mgambo wa kata wanamfahamu. Ofisi hiyo ikishirikiana na watendaji wa vijiji na mabaraza ya wazee inaweza kutuandikia orodha: nani alipigana, anaishi wapi, anatembea au hatembei, anaishi na nani. Orodha hiyo iwahesabu na mgambo, tafadhali, na wajane wao, kwa sababu wajane wengi ndio waliowatunza hao askari hadi kaburini na sasa wamebaki bila wa kuwatunza wao. Vijana waliomaliza JKT na wamerudi nyumbani bila ajira tunao kila kata. Wachaguliwe kwa tabia kwanza, kwa mdhamini anayejulikana kijijini, ndipo wafundishwe. Manesi wa Mawenzi na walimu wa vyuo vya uuguzi mkoani wanaweza kuwapa mafunzo ya wiki chache. Afisa ustawi wa jamii awasimamie na kupita kuwauliza wazee wenyewe wanatendewaje, pasipo kijana huyo kuwapo. Hilo la mwisho nalisisitiza. Mzee asiyeweza kuinuka anaweza kuibiwa, kutukanwa, hata kupigwa, na asiseme.

Fedha ya kuanzia? Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vinakopa kwa ajili ya kuku, bodaboda, sabuni. Kikundi cha vijana au wanawake wanaotoa huduma ya wazee majumbani kingeweza kukopa kununua vifaa, kikalipwa na watoto wa mzee walioko mjini, ambao wengi wao wangelipa kesho asubuhi kama wangejua yupo mtu wa kuaminika. Kwa nyumba ambayo haina mtoto wa kulipa, na hasa kwa mgambo asiye na pensheni, ndipo naomba halmashauri iweke fungu dogo. Vijana wawe wa kiume kwa wanaume na wa kike kwa wajane. Hapo hakuna mjadala, nimekwisha kueleza kwa nini.

Wapo watakaosema, kwa nini askari tu, na mzee mkulima je? Ningependa kila mzee wa mkoa huu apate, na mkoa wetu una wazee wengi kwa kulinganisha na mikoa mingine. Naomba tuanze na hawa kwa sababu ni wachache, wanahesabika, na wanaondoka haraka. Mpango ukithibitika kwa askari wa kata tatu, utakuwa na watu waliofunzwa tayari na njia iliyokwisha kupitiwa ya kuwafikia wengine. Tukisubiri uwatoshe wote siku moja, hakuna hata mmoja wa Kagera atakayeukuta.

Kila tarehe 25 Julai viongozi wetu huweka mkuki na ngao kwa ajili ya mashujaa waliokufa. Nimesimama kwenye kumbukumbu hizo pamoja na baba alipokuwa bado anaweza kusimama. Ningefurahi siku hiyo, mwaka huu, ofisi yako ikapita pia kwenye nyumba tano au sita za wasioweza kuja uwanjani, bila kamera, na bila kuwatangulia kwa taarifa itakayofanya wakamwogeshe mzee haraka haraka asubuhi hiyo.

Wewe ni mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Mkoa na wa Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Jeshi, halmashauri, hospitali na ustawi wa jamii wanakaa meza moja mbele yako, na hakuna mwingine mkoani anayeweza kuwakalisha pamoja kwa jambo hili. Naomba mambo mawili: agizo kwa wilaya zote kuandaa orodha niliyoieleza, na nafasi ya jambo hili kwenye ajenda ya Kamati ya Ushauri kabla bajeti za halmashauri hazijafungwa. Ukihitaji kata ya kuanzia, sisi wa Kibosho tuko tayari. Akina mama wa jumuiya yetu wamekubali kutoa ukumbi kwa ajili ya mafunzo, na kijana aliyemtunza baba yangu amekubali kuwaonyesha wenzake alivyokuwa akifanya.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Binti wa askari wa Kagera,
Kibosho, Moshi