Kwa mdogo wangu uliyefyeka masale

Mdogo wangu,

Mwaka wa nne huu hupokei simu zangu, ndiyo maana nakuandikia mahali ambapo kila mtu atasoma. Shemeji yako anasema mambo ya nyumbani hayaanikwi. Nimemsikia.

Ya hela za jeneza nimeyaacha. Neno langu ni lile la siku ya tatu baada ya kumzika baba. Baba mkubwa amesimama kihambani, kati ya migomba yetu, kata ya pombe ya mbege mkononi, uso kaelekeza kilele cha Kibo. Akapiga funda, akatema kidogo, akaanza kumtaja Ruwa, jina la Mungu kwetu Wachaga. Ukampokonya kata ukaimwaga. Kisha ukachukua panga, ukafyeka masale yote ya kaburi la babu, mimea yetu ya amani na ya kuombea msamaha, huku ukitangaza mbele ya wakwe na watoto kwamba wazee wetu waliabudu jua na sasa wanaungua. Baba mkubwa, miaka 81, hakujibu. Aliinama, akaokota kata, akaifuta kwa pindo la koti lake la kanisani. Lile koti ndilo haliniondoki.

Ni kweli Ruwa ni jua pia. Lakini Engai wa Wamaasai ni mvua na ni anga, na katika lugha yao jina hilo liko upande wa kike. Looa wa Wairaqw ni mama, naye ni jua. Mtu hutazama kilicho juu kuliko vyote anavyoviona, akapata jina la asiyemwona. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipofika Machame mwaka 1893 walikuta jina lipo, na ndilo walilotufundishia kusali. Mama alikuwa akitoka ibadani anasema "aika Ruwa", wala hukumkemea hata siku moja. Na hilo "Mungu" unalolipaza kwenye spika ni ndugu wa Mulungu wa Wayao. Waislamu wa pwani walilitia kwenye tenzi zao kabla mmisionari Krapf hajashuka Mombasa mwaka 1844.

Kuna jambo moja nakukubalia. Ruwa wa babu hakuwa sawasawa na Mungu unayemhubiri wewe. Ruwa alikuwa mpole, tena mbali. Ng'ombe akiugua, babu aliwaendea wazee waliotangulia, kwa sababu Ruwa hasumbuliwi kwa ng'ombe. Wako amehesabu hata nywele za vichwa vyetu. Hiyo si tofauti ndogo, na wasomi wanaosema dini zote ni kitu kimoja hawajawahi kukaa na babu. Ila hata wenye Kitabu wamegombana juu ya hilohilo. Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu, alifundisha kwamba Mungu anavijua vitu kwa ujumla wake, si kimoja kimoja kama tunavyovijua sisi. Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, akasema fundisho hilo ni ukafiri. Na wote wawili kibla chao kilikuwa kimoja.

Usiku wa mwisho wa baba nilimwomba huyo wako, anayejua nywele. Ruwa wa mbali hakunitosha usiku ule. Wewe hukuwepo kunisikia.

Nenda kwa baba mkubwa. Chukua jani la sale, umpe kwa mikono miwili. Unajua mwenye sale hafukuzwi. Usiende na mchungaji wala usibebe hoja. Najua utasema nami nilikuita mwana wa laana mbele ya wageni wako. Nilikuita. Nilikuwa na siku tisa bila usingizi, baba nilimwogesha peke yangu, na wanaume wote waliokuwa pale walikuwa wakitazama viatu vyao. Nisingesema mimi, angesema nani? Na harusini kwako sikuja kwa sababu baba mkubwa hakupelekewa kadi. Ningevaa kitenge cha sare nikacheze, yeye amekaa peke yake barazani? Ulikuwa mtoto wangu mgongoni kabla hujawa mdogo wangu, usinifanye niyaeleze haya mara mbili.

Masika iliyopita nilichomeka vipande vitatu vya shina la sale pale kaburini kwa babu. Viwili vimeshika. Jioni baba mkubwa huenda na fimbo yake na kopo la maji, anavimwagia. Hajaniuliza nani alivipanda. Macho yake sasa ni hafifu. Ukifika getini, taja jina lako kwanza.

Dada yako