Fasihi ya Marekani ibaki vyuoni, ila isomwe kitabu kizima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nimjibu msomaji aliyeandika kwamba ni hasara kumkopesha mtoto wa Kitanzania fedha za umma ili akasome hadithi za Wamarekani. Mimi ni mmoja wa hao watoto. Nasoma fasihi, mwaka wa tatu, katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam, na bumu ninalopokea ni deni nitakalolilipa. Simlaumu mzee huyo kwa kuuliza. Nadhani hajapata mtu wa kumweleza tunasoma nini hasa.

Tulisoma maisha ya Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa jimbo la Maryland, Marekani, akayaandika mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1845 huku kisheria akiwa bado mtoro. Huko Baltimore mke wa bwana wake alianza kumfundisha herufi, mumewe akampiga marufuku. Basi kijana akawa anatoka na mkate, anawapa watoto wa Kizungu wenye njaa mitaani, nao wanamlipa kwa kumfundisha kusoma. Kuandika alianzia kwenye karakana ya meli, akinakili herufi ambazo maseremala walizichora kwenye mbao ili wajue kila ubao unakwenda upande gani wa chombo.

Baba yangu ni fundi wa mashua, Kunduchi. Kiingereza hakimpandi, kwa hiyo jioni nilikuwa namsimulia kwa Kiswahili. Habari za herufi alizisikiliza kwa adabu tu. Nilipofika pale Douglass anapokuwa fundi wa kutia kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao za chombo, baba akaweka chini alichoshika, akauliza: "Analipwa ngapi?" Nikamwambia dola moja na nusu kwa siku, na kila Jumamosi usiku anamkabidhi bwana wake zote. Wiki ikileta dola 6, mara nyingine bwana humrudishia senti 6 za kumtia moyo. Baba alikasirika kuliko nilipomsimulia viboko. Na Douglass naye ndivyo alivyoandika: senti zile hazikumtia moyo hata kidogo, maana kwake zilikuwa kama bwana kukiri kwamba fedha yote ilikuwa haki yake.

Hiyo ndiyo fasihi ya Marekani, mzee wangu. Fundi wa Kunduchi anaielewa bila kuelezwa.

Kisha baba akauliza: watumwa waliopitishwa pwani yetu, wao habari zao ziliandikwa wapi? Nilimtajia Uhuru wa Watumwa, cha James Mbotela, kilichochapishwa 1934, kinachosimulia waliokombolewa na kuwekwa Freretown, Mombasa. Chuoni kwetu kitabu hicho ni cha wanaosoma Kiswahili, Douglass ni wa wanaosoma fasihi kwa Kiingereza, na wawili hawa hawajawahi kukutana darasa moja. Biashara iliikutanisha Marekani na pwani yetu zamani! Pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani ilifumwa Massachusetts, kaskazini mwa nchi hiyohiyo, ikashushwa Unguja ikiwa majora ya merikani, na misafara ya Bagamoyo ikaibeba hadi bara kununulia pembe za ndovu. Pembe nyingi zikaishia Connecticut, hukohuko Marekani, kwenye viwanda vya vibonyezo vya piano. Sioni utasomaje historia ya Bagamoyo ukawaacha Wamarekani nje.

Hasara ipo kweli, lakini iko kwingine. Orodha ya riwaya za muhula ni ndefu, nakala maktaba ni chache mno. Tunagawana kurasa za kutoa kopi, na mtihani ukikaribia ni madesa tu, yaani muhtasari wa kunakiliana. Wapo wanaofaulu vizuri swali la Beloved, riwaya ya Mmarekani Toni Morrison, ambayo hawakuifungua. Morrison aliianzisha Beloved kutoka kisa cha kweli cha Margaret Garner, aliyetoroka Kentucky mwaka 1856 na, alipokamatwa Ohio, akamuua mwanawe ili asirudishwe utumwani. Kwenye desa huo ni mstari mmoja: athari za utumwa. Kwenye kitabu Morrison anakuzungusha, anakuficha, anakufanya umpende yule mama kwanza, ndipo anakufikisha bandani, mahali pa mauaji. Asiyepitishwa njia hiyo hajaisoma riwaya, hata akipata alama gani.

Nawaomba wahadhiri wapunguze orodha. Vitabu vitatu visomwe jalada hadi jalada, na mtihani uulize mambo ambayo desa haliwezi kujibu. Waanze na Douglass, kwa sababu hakimiliki ya kitabu chake ilishakwisha na kinapakuliwa bure hata kwenye simu. Mbotela akae pembeni yake, wiki hiyohiyo.

Na msomaji mwenzangu, kama una mtoto anayesoma kozi hii, mkalishe barazani jioni akusimulie kitabu kizima kwa Kiswahili. Akishindwa, mwandikie Mhariri tena, nami nitakuunga mkono.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Kunduchi, Dar es Salaam