Mnara si kituo

Mhariri,

Jedwali la nchi zenye vituo vingi vya televisheni huibuka magazetini kila baada ya muda: Urusi juu na vituo 7,306, China 3,240, Marekani 2,218, halafu Japani huko chini na 211. Msomaji hubaki akijiuliza Wajapani hutazama nini jioni.

Namba hizo asili yake ni The World Factbook, kitabu cha shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Zimenakiliwa mkono kwa mkono, na maneno ya pembeni yamedondoka njiani. Ya China ni ya 1997, ya Urusi 1998, ya Japani 1999, ya Marekani 2006. Tena kando ya zile 211 za Japani paliandikwa mitambo 7,341 ya kurudia matangazo. Ijumlishe, Japani inaipita Urusi.

Mtambo wa kurudia hudaka mawimbi ya mnara mkubwa na kuyarusha upya nyuma ya mlima: kipindi kilekile, dakika ileile. Norway, yenye watu wasiofika milioni 5 wakati huo, iliandikiwa vituo 360 na mitambo ya kurudia 2,729 mwaka 1995. Hapo tumeelezwa habari za milima ya Norway zaidi ya habari za televisheni yake.

Dijitali imelivuruga hesabu hili zaidi. Enzi za analojia, chaneli moja ya masafa ilibeba kituo kimoja. Leo chaneli ya UHF (masafa yanayotumiwa na televisheni) yenye upana wa megahezi 8, kwa mfumo wa kurusha dijitali uitwao DVB-T2, yaweza kubeba megabiti 40 hivi kwa sekunde. Picha ya kawaida ikila megabiti 2, stesheni kama 20 zinaenea. Picha ya HD ikila 5, ni nane tu. Fungu hilo ndilo multipleksi. Tanzania imetenganisha leseni ya maudhui na leseni ya kusambaza mawimbi, hivyo mwenye studio si lazima awe na mnara, na minara michache hubeba stesheni nyingi. Marekani nako, baada ya mnada wa masafa uliokamilika 2017, vipo vituo viwili vyenye leseni mbili vinavyochangia mtambo mmoja. Wala usihesabu kwa namba ya kwenye skrini: stesheni yenye namba 7.1 yaweza kuwa inarushwa kwenye chaneli ya masafa ya 30.

Hata ndani ya nchi moja jibu si moja. Uingereza ina minara mikubwa kama 80 na midogo zaidi ya 1,000. Anayepokea mnara mkubwa hupata multipleksi sita za kitaifa. Wa mnara mdogo kwa kawaida hupata tatu. Ukiwahesabia wote wawili orodha ya London, umemdanganya mmoja.

Kwa hiyo kipimo chenye maana ni hiki: stesheni ngapi tofauti, zisizolipiwa, zinapatikana kwa antena ya nje katika mji fulani, mwaka fulani. Kwa nchi zetu, tafuta kwa mkono kwenye king'amuzi, chaneli 21 hadi 48, moja baada ya nyingine. Kupata masafa, zidisha namba ya chaneli kwa 8, ongeza 306: chaneli 26 ni megahezi 514. Andika majina yanayotokea. Futa redio, zilizofungwa kwa malipo, na stesheni iliyojirudia kwa sababu antena imedaka minara miwili. Uingereza futa pia zenye alama ya +1, maana ni stesheni ileile iliyocheleweshwa saa moja.

Mistari miwili ya king'amuzi, wa nguvu ya mawimbi na wa ubora wake, isomwe kwa makini. Nguvu ikiwa 90 na ubora 0, usiandike kwamba hakuna kitu. Karibu na mnara, mara nyingi ni busta inayozidisha mawimbi hadi yanaharibika. Ichomoe, utafute tena. Na king'amuzi cha zamani cha DVB-T hakiwezi kufungua multipleksi ya DVB-T2 hata antena iwe nzuri namna gani, hivyo mji wenye stesheni 30 utaonekana hauna hata moja.

Fundi wa mitambo ya utangazaji,
Morogoro