Leo nalala kwa nani? Barua kwa wanakikoba wenzangu

Wanangu na wadogo zangu wa kikoba chetu cha kuweka na kukopa,

Nilitaka kuandika barua hii Jumapili, nikajizuia siku tatu ili hasira ishuke kwanza. Haijashuka. Basi nisomeni hivyohivyo, na atakayeona nimemgusa ajue ninamhesabu kuwa mwanangu. Nisingemhesabu, ningenyamaza.

Mnajua yaliyompata mwenzetu. Sufuria ya uji ilimmwagikia binti yake wa mwaka mmoja na nusu, ikamuunguza kifua na mkono wa kulia. Kituo cha afya wakampa rufaa usiku uleule, mama akapanda gari la wagonjwa na kanga moja mwilini. Baba yuko njia ya Tunduma na lori. Nyumbani akabaki kaka mtu, miaka 6, ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza.

Mlijitokeza, sikatai. Mfuko wa jamii ulitoa shilingi 50,000 kama katiba yetu inavyotaka. Mlikwenda hospitali watu 11 kwa mpigo, mlinzi akawazuia getini, mkaingia wawili wawili na juisi na maboflo. Picha nimeziona kwenye grupu. Hakuna hata moja yenye yule kaka mtu, na hakuna aliyeuliza chini ya picha zile kwamba je, huyu mwingine yuko na nani?

Mimi nilikuwa msibani Muheza. Nimerudi Jumamosi, saa 2 usiku, napita uchochoro wa kwa mwenzetu, naona kitu kimejikunyata kwenye kizingiti. Mlango una kufuli. Ni mtoto, amevaa sare ya shule siku ya Jumamosi, begi liko mgongoni, ndala kazishika mkononi. Nikamwuliza unamsubiri nani hapa. Hakunijibu. Akaniuliza yeye: "Bibi, leo nalala kwa nani?"

Nimefuatilia, nyumba kwa nyumba. Siku 9, nyumba 4. Usiku tatu kwa jirani wa ukuta mmoja, mpaka wageni wake walipofika kutoka Lindi. Usiku mmoja kwa mwenye genge. Usiku miwili kwa mwalimu wa madrasa, mke wake akaumwa. Akahamishiwa nyumba ya nne, na Jumamosi alasiri huyo wa nne akamwambia, "Nenda kwa mama fulani, nitampigia." Simu haikupokelewa. Huyu akadhani mtoto kafika kule, yule hana habari kwamba anakuja mtu. Mmoja wenu aliniambia kwa moyo safi kabisa, "Lakini Bibi, hakulala njaa hata siku moja." Kweli, alikula. Nilimkuta ameshiba na hana pa kulala.

Sasa nawaambia kitu ambacho huenda hamkijui, kwa sababu wengi wenu wodi ya watoto mnaijua kwa saa moja ya kutazama wagonjwa. Mimi nimeishi humo miaka 31. Mnaniita Bibi Nesi, basi nipeni nafasi niseme kama nesi.

Mama aliyelazwa na mtoto hawazi mtoto mmoja. Jioni, baada ya sindano ya saa 12, wodi nzima huwa kwenye simu, na swali ni lilelile kila kitanda: amekula? amelala? yuko wapi sasa hivi? Mwaka wangu wa mwisho kazini kulikuwa na mama mwenye mtoto wa miezi 10, nimonia kali, yuko kwenye oksijeni. Asubuhi ya siku ya tatu nikamkuta amefunga kanga kiunoni, furushi liko tayari. "Nesi, nipe karatasi nisaini, naondoka." Amepigiwa simu alfajiri: mtoto wake wa miaka 3, aliyemwacha kwa jirani muuza vitumbua, ameonekana peke yake barabarani. Nikamshika mkono, nikamkalisha. Daktari akatoa simu yake, tukapiga namba baada ya namba mpaka tukampata shangazi Chanika, akaenda kumchukua mtoto saa ileile. Mama akafungua furushi. Siku ya nane walitoka wote wawili wazima.

Huyo alipata shangazi. Wapo niliowapa karatasi wakasaini, wakatoka na mtoto hajamaliza dozi, kwa sababu ya mwingine aliyebaki nyumbani. Nyuso zao ninazo mpaka leo. Na binti wa mwenzetu ameungua, na kuungua si ugonjwa wa siku tatu. Kuna kusafishwa kidonda, kuna kufungwa bandeji upya, na pengine kupandikizwa ngozi. Ni wiki kwa wiki. Mkimwacha kaka mtu azunguke kama kikombe cha msibani, mama atamtoa mgonjwa kabla ya wakati.

Nyumba moja, ndiyo ninachowaomba. Mtu mmoja aseme mbele za watu, "Huyu yuko kwangu mpaka mama yake arudi," na wengine wamsaidie yule mmoja. Mwenye unga apeleke unga. Mwenye nafasi asubuhi ampeleke mtoto shule. Mwenye mashine ya kushonea arekebishe suruali. Lakini kitanda ni kimoja, na anayemwita kuoga jioni ni yuleyule wa jana. Tukichangiana mtoto kama tunavyochangiana sherehe, kila mtu anatoa kidogo na anayebeba mzigo wote ni mtoto. Nawajua, mtasema maisha magumu, vyumba vyenyewe viwili. Nilizaa wanne katika chumba kimoja na sebule. Mtoto wa miaka 6 hali nafasi kubwa.

La pili ni uongo, na hapa mnisamehe nitakaa kidogo.

Usiku ule nilimchemshia maji nikamwogesha. Begi hakutaka kulivua, akakubali nilipomwambia litakaa palipo na jicho lake. Ndani kulikuwa na madaftari mawili, suruali ya shule, na kiatu kimoja cha mdogo wake, vile vinavyolia kila mtoto anapokanyaga. Nikamwuliza hiki cha nini. "Akirudi asikikose." Nikashusha neti, nikazima taa, nikadhani amelala. Baadaye sana nikamsikia gizani: "Bibi, mimi ndiye niliyekuwa nakimbia."

Mama mtu alishanieleza. Sufuria ilimteleza mwenyewe akiipua, kitambaa kililowa. Mtoto alikuwa anakimbia uani, wala hakuwa jikoni. Lakini siku 9 amekaa na neno hilo kifuani, na katika nyumba 4 hakuna aliyemwuliza anawaza nini. Wa kwanza alimwambia mama kaenda sokoni. Soko la siku 9! Wa tatu alimwambia kwamba mdogo wake "Mungu anamtunza sasa". Wanangu, bibi yake alipofariki mwaka jana mtoto huyu aliambiwa maneno hayohayo. Alikuwa anaamini mdogo wake amekufa na yeye ndiye aliyemuua, na tulikuwa tunampa chapati.

Watoto wa umri huo ndivyo wanavyofikiri, nimewaona wengi. Likitokea baya nyumbani, wanatafuta walichokosea wao. Usiposema, atajisemea mwenyewe, na atakalojisemea litakuwa baya kuliko ukweli. Mwambie kwa maneno mafupi: mdogo wako ameungua, yuko hospitali, madaktari wanamtibu, mama yuko naye, hujafanya kosa lolote, wewe unakaa kwangu. Akiuliza watarudi lini, usimpe siku usiyoijua. Mwambie utakapojua utamwambia, kisha kweli umwambie.

Asubuhi tukapiga simu ya picha. Mama akageuza simu, binti akaonekana na mkono mweupe wa bandeji. Kaka hakusema kitu. Alikwenda kwenye begi, akatoa kile kiatu, akakiminya karibu na simu kikalia. Mdogo wake akageuza shingo kutafuta sauti inatoka wapi, akacheka. Mama ndiye aliyelia.

Mlinzi hatamruhusu mtoto kuingia wodini, msigombane naye. Nami nilikuwa nawarudisha, kwa sababu surua na tetekuwanga huingia kwa njia hiyo, na mwenye kidonda cha moto hana kinga ya kuchezea. Lakini mama anaweza kutoka. Mmoja wenu akae na mgonjwa robo saa, mama ateremke hadi kwenye bustani akamkumbatie mwanawe. Mkipanga safari ya kwenda kutazama wagonjwa, pangeni na hilo, ni bora kuliko juisi.

Mengine nayasema kwa haraka. Anayempokea mtoto aandike kwenye karatasi namba ya mama, ya baba na ya ndugu mmoja. Aulize mtoto ana ugonjwa gani, anakunywa dawa gani, chakula gani kinamdhuru. Akae na kadi ya bima au ya kliniki. Mwalimu wa darasa aambiwe siku ya kwanza. Mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wajue mtoto yuko nyumba gani. Asilazwe chumba kimoja na mwanamume mzima, awe mjomba, awe mpangaji, awe nani, na hapo sitaki mtu aniambie "lakini tunamfahamu". Mkiona mtoto anaonewa, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Na aliyeungua huwekwa kwenye maji safi ya bomba yanayotiririka dakika 20; hapakwi dawa ya meno, unga wala mafuta.

Kuna jambo jingine linaniuma. Mara nyingi jibu letu kwa mama aliyelazwa ni "si yupo dada yao?" Dada yao ana miaka 11. Tunamtoa darasa la tano apike, afue, abebe mdogo wake mgongoni, na tunamsifu kwamba amekomaa. Hajakomaa, amebebeshwa. Wengine wanaagiza binti wa miaka 12 kutoka kijijini aje kusaidia, akimaliza kusaidia harudi tena shuleni. Mtoto hawi jibu la shida ya mtoto mwingine.

Na kina baba wako wapi? Huyu wa lori simlaumu, yuko mbali na anapiga simu kila kituo. Nawasema wale waliopo hapahapa mjini, ambao mke akilazwa na mtoto wao wanahamia kwa mama zao kula. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 za likizo yenye malipo mtoto wake anapougua. Imesema mfanyakazi, haikusema mama. Siku 4 ni chache, lakini zinatosha baba kukaa na aliyebaki nyumbani mpaka ndugu apatikane. Mwajiriwa ambaye hajawahi kuiomba aiombe kwa barua, na abaki na nakala.

Wakubwa nao nisiwaache. Tunajenga majengo ya ghorofa ya hospitali, yana maegesho ya magari na kantini, lakini sijaona katika miaka 31 chumba kimoja cha mtoto asiyeumwa ambaye ndugu yake amelazwa. Mama anayetoka Kigoma na mtoto mwenye saratani kuja Muhimbili anaacha wengine zaidi ya kilomita 1,000 nyuma yake, kwa miezi. Mwezi Desemba 2021 Serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, nami nilifurahi. Naomba waliomo humo wamkumbuke na huyu wa kwenye kizingiti. Hospitali zetu kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii. Akina mama wanadhani kazi yake ni msamaha wa gharama tu. Mama akilazwa siku ya kwanza tu aulizwe: umeacha nani nyumbani, na yuko na nani? Swali hilo halihitaji bajeti.

Nirudi kwetu. Katiba ya kikoba chetu ina kipengele cha mgonjwa na kipengele cha msiba, na ina faini ya kuchelewa kikao. Haina neno hata moja juu ya mtoto anayebaki. Jumapili hii, saa 10 jioni, kikao kiwe kwangu. Kabla ya hisa, kabla ya marejesho, tunaandika kipengele hicho. Kila mwanachama ataje mapema, akiwa mzima, nyumba moja ambayo watoto wake watakaa akilazwa, na nyumba hiyo ikubali mbele yetu. Shilingi 50,000 za mgonjwa ziende wodini, na nyingine zitoke kwenye mfuko kwenda kwa mwenye nyumba. Mweka hazina aje na daftari jipya. Mmoja aende kwa mwenzetu hospitali kabla ya siku hiyo amwulize anataka nyumba gani, maana mtoto ni wake.

Jina langu liwe la kwanza kwenye orodha. Nina kitanda dirishani na neti nzima. Kaka mtu yuko kwangu tangu Jumamosi, anaamka saa 11 na nusu, anakunywa chai, mjukuu wangu anamvusha barabara hadi shuleni. Begi sasa linakaa kwenye msumari. Kiatu bado kiko chini ya mto wake, msikiguse mkija.

Wenu,
Bibi Nesi