Shukrani kwa mzee wa Kariakoo

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo. Jumamosi ile pale Kariakoo nilikuwa nimekwisha kuhesabu shilingi 280,000 za baiskeli ya mbio ya mtumba, iliyonivutia kwa rangi tu, ulipoigeuza magurudumu juu, ukapitisha ukucha chini ya shingo ya fremu na kunionyesha ufa mwembamba kama unywele. Muuzaji alinuna, wala sikumshangaa. Ukanichagulia nyingine, rangi imebanduka lakini fremu nzima, ukaipima cheni kwa rula: pingili 24, ambazo zikiwa mpya hutimia inchi 12, zilikuwa zimezidi hapo kidogo mno, yaani cheni ilikuwa bado haijachakaa na kurefuka, kwa hiyo hata meno ya gia yalikuwa hayajaliwa. Niliilipia 190,000, nikabakiwa na fedha za matairi na waya za breki. Ulikataa hata soda. Ahsante sana, mzee wangu.